Makaa ya Fundi Mchopa

Vijana wangu, kila mnapokuja barazani kwangu mkanibandika zile spika ndogo za masikioni, swali lenu ni lile lile: "Babu, muziki huu mzuri au mbaya?" Nami huwajibu vile vile kwamba sijui. Mnacheka, mnasema mzee masikio yamekwisha. Hayajakwisha. Nimetengeneza ngoma maisha yangu yote, tangu siku zile mradi wa karanga ulipokuwa unang'oa miti hapa Nachingwea mpaka mikono ilipoanza kugombana na tezo, na kazi hiyo nilifundishwa na mtu ambaye neno "nzuri" lilikuwa marufuku kibandani kwake. Ukilitamka, unakosa chakula cha mchana.

Mtu huyo alikuwa Fundi Mchopa, Mmwera wa Chinongwe, upande wa Ruangwa. Alikuwa mfupi, mkali, na hodari wa kujisifu. Alirudi kutoka vita vya Bama, kule Asia, na koti zito la jeshi, akawa halivui hata jua likiwa la utosi. Aliposikia kwamba Nachingwea kuna makambi ya wafanyakazi, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangoni na Wanyasa, kila watu na mchezo wao lakini hakuna aliyesafiri na ngoma begani, alifunga tezo na patasi zake akahamia. Alijenga kibanda nje kidogo ya kambi, na kabla hata hajakiezeka wateja walikuwa wamefika.

Mimi nilitoka Chiola. Nilikuwa nimemaliza shule ya kijiji, nimekuja kuomba kibarua cha kung'oa visiki. Nilipopita kibandani nikaona ngoma imewekwa juani, nikaigonga.

"Nani kakwambia uguse?" akauliza mtu wa koti.

"Samahani, Fundi. Nimeona nzuri."

"Nzuri! Basi leo huli."

Nilikuwa hata sijaajiriwa na tayari nimenyimwa chakula. Nikakaa pale mpaka jioni nikitaka kujua kosa langu, na nikaendelea kukaa kwa miaka.

Sasa nisikilizeni jinsi alivyonifundisha. Kila Jumamosi mchana alinipa kipande cha makaa akaniambia niende mahali. Leo kwa Wamakonde, Jumamosi ijayo kwa Wanyasa. "Usicheze," ananiambia, "wala usipige makofi. Kaa kimya. Pale ngoma itakapokushika mwilini, tia alama. Ukirudi nitaona." Hakutaka kusikia nimependa nini. Alitaka kuona nimeshikwa wapi. Alisema kupenda ni habari zangu mwenyewe, lakini kushikwa ni habari za ngoma, na yeye anatengeneza ngoma.

Mnadhani ni rahisi? Kaeni nyie mbele ya sindimba ya Wamakonde bila kutikisika, tuone. Siku ya kwanza nilirudi na makaa kwenye magoti yote mawili. Fundi akainama kuyatazama.

"Lipi lilianza?"

"Sikuangalia, Fundi."

"Rudi ukaangalie."

Nikarudi. Lilianza la kushoto. Hapo ndipo alipoikamata ngoma ya Wamakonde iliyokuwa inangoja, akaipara ngozi upande mmoja kwa kipande cha chupa, taratibu, mpaka akaridhika. Wenyewe walipokuja kuichukua walicheza nayo pale pale kibandani, vumbi likatuingia kwenye uji.

Kwa watu wa beni niliaibika. Tulikuwa tumekwenda Ruangwa kuwapelekea goma lao kubwa, nao wakatoka wamevaa nguo nyeupe na kofia za kiaskari, mmoja mbele na filimbi, wanapiga hatua kwa pamoja kama wamepewa amri. Muziki ule ulinishika nyayoni. Nami kwa utiifu nikapaka makaa kwenye nyayo, kisha nikatembea pekupeku kurudi tulikofikia. Nilipofika na kuinua miguu, hapakuwa na kitu ila vumbi.

"Kwa hiyo beni hukuisikia," Fundi akasema.

"Niliisikia, Fundi, imefutika njiani."

Akacheka mpaka koti likamvuka bega. Tangu hapo nikitaka kutia alama ya nyayoni naitia juu ya kidole gumba. Hata nyie mtu akiwapa kanuni, itazameni kwanza kama inatembea.

Kwenye maulidi ndiko nilikojishangaa. Nimekulia chuo cha Kurani, dufu na kasida nimezisikia tangu naanza alifu, nikajua huko hakuna jipya. Nikaenda na makaa yangu mfukoni kwa dharau kidogo. Wakaanza, wamekaa safu mbili wakiinama na kuinuka, mara nikahisi kisogo kimenisisimka na macho yananiuma. Nikatia alama kisogoni. Fundi alipoiona hakufanya mzaha. Alikwenda akanawa mikono, kisha ndipo akaniletea dufu na kunifundisha: ngozi ya mwanambuzi, nyembamba, ikauke kivulini, na usiitie moto ikavimba kiburi. "Dufu halimtafuti mtu aliye mbali," akasema. "Linazungumza na uliyekaa naye." Neno hilo nililiitikia tu, Naam Fundi, kama mnavyoniitikia mimi.

Hata kwa watoto wa misheni alinituma. Nilisimama nje ya dirisha lao wakiimba sauti nne zilizopandana, hakuna ngoma hata moja, nikajiambia leo narudi mweupe. Nikajikuta nameza mate, nameza tena. Alama ikaenda kooni. Fundi alipokwisha kuiona nikaifuta kabla ya kwenda nyumbani Chiola, maana mama yangu angeniuliza maswali.

Halafu likaja dansi.

Makarani wa kambini walikuwa na ukumbi wao wa mabati, na Jumamosi alasiri waliweka gramafoni mezani, au akaja kijana mmoja wa gitaa na mwenzake wa ngoma ndogo mbili za kubana magotini. Rumba, vijana wangu! Wanawake wamevaa viatu vyenye kisigino, wanaume wametia mafuta nywele, na zile ngoma ndogo zinadonoa juu ya gitaa bila haraka yoyote. Sikuwahi kusikia sauti kavu na safi namna ile. Nilisahau kwamba nimetumwa. Nilipokumbuka nikatoa makaa nikapaka mabegani, kisha shingoni, kisha kiunoni, na kila nilipomaliza sehemu moja nyingine ilikuwa inaniita.

Fundi alinizungusha kuanzia mbele hadi nyuma.

"Wewe hukwenda kwenye muziki," akasema. "Wewe umeangukia jikoni."

Lakini nilikuwa nimeshapotea. Nilishona suruali pana. Nikawa ngozi yoyote ninayopewa naiwamba mpaka inalia "ti". Mteja mmoja wa Kingoni alirudisha goma lake akiuliza kama limefungwa paka ndani. Fundi alilegeza vigingi, akanitazama tu, na mimi nikajiona fundi wa kisasa ninayeishi na mshamba.

Ndipo zikaja habari kutoka nyumbani. Mwaka ule mdogo wangu Selemani aliingia jandoni. Yanayofanyika likumbini, yaani kule porini kwenye banda la wali, watoto wanaotiwa jandoni, siyasemi hapa na msinichimbe. Nitasema lile ambalo hata wanawake walilijua. Mama akishampeleka mtoto hamwoni wala hapati habari zake mpaka siku ya kutoka. Anachopata ni ngoma. Kila jioni ngoma ya likumbi inalia, na kule majumbani kina mama wanajua kuwa watoto wameshinda salama. Ngoma hiyo ikiwa mpya ina sharti lake. Wazee hawaipokei mpaka kina mama waijibu kwa vigelegele kutoka majumbani mwao. Wasipojibu, inarudi kwa fundi, hata kama ina urembo gani.

Mwaka ule ngoma ya zamani ililiwa na mchwa ikapasuka katikati ya jando. Jioni zikawa kimya. Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa amejiwekea sharti lake mwenyewe kwamba hali chakula cha jioni mpaka asikie ngoma. Nilipomkuta alikuwa amekonda usoni, anaishi kwa uji wa asubuhi.

"Kula, Mama," nikamwambia. "Watoto wazima."

"Nani kakwambia? Ulikuwa huko?"

"Sikuwa huko."

"Basi kaa kimya."

Mzee Chilala, msimamizi wa likumbi, alimfuata Fundi Mchopa kuagiza ngoma mpya. Fundi akanisukuma mbele. "Atatengeneza huyu. Mama ni wake, mdogo ni wake. Ikirudishwa, huyu naye anarudi kwenye visiki vyake."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilichagua gogo safi, nikalichimba tumbo jembamba, nikatafuta ngozi ya paa, nikaiwamba nikaitia moto wa majani makavu mpaka ikalia kavu na safi kama zile za ukumbini. Nikaipeleka likumbini na kuipiga kwa mikono yangu mwenyewe. Wanaume wote walisimama. Mzee Chilala alicheza, mzee yule mwenye ngiri. Nikamaliza, tukanyamaza tusikie kina mama.

Tulisikia njiwa. Tulisikia mtu anakata kuni. Vigelegele havikuja.

Nilirudi nyumbani kabla giza halijaingia. Mama alikuwa amekaa uani na jirani yetu Mama Zuhura, ambaye naye alikuwa na mtoto ndani. Sufuria ya ugali imefunikwa.

"Ngoma yenyewe bado?" Mama akaniuliza.

"Hamjasikia kitu?"

"Tumesikia," akajibu Mama Zuhura. "Kuna kitu kililia huko. Tukasema hawa wa kambini leo wamekuja kucheza dansi mpaka Chiola."

Mama akainuka akaingia ndani, sufuria akaiacha pale pale. Vijana wangu, watu wamenitukana kazi yangu kwa lugha nyingi, lakini sijaumia kama nilivyoumizwa na sufuria ile. Nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake Fundi alikuja Chiola kwa miguu, na koti lake. Nilidhani ananifukuza. Aliniuliza swali moja tu.

"Ilipokuwa inalia, wewe ulikuwa wapi?"

"Likumbini, naipiga."

"Ngoma ya likumbi haisikilizwi likumbini. Wenyewe wako wapi?"

"Nyumbani."

"Basi kaa nyumbani na makaa yako."

"Nyumbani hakuna ngoma, Fundi. Hakuna hata wimbo."

Fundi akainuka. Akaenda kwa Mzee Chilala kuomba muda.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimejilaza mkekani, sitaki kuona mtu. Nje Mama na Mama Zuhura walianza kutwanga mtama. Mnaujua mtwango wa wawili? Mchi mmoja unashuka, mwingine unapanda, na katikati yao wanavuta pumzi kwa sauti, hiii, hiii, na mara wimbo unaingia wenyewe, wa taratibu, wa kumtaja mtoto. Nimeamshwa na sauti hiyo tangu nazaliwa. Nimebebwa mgongoni mama akitwanga. Na kwa sababu hakuna aliyewahi kuiita muziki, katika safari zangu zote za Jumamosi sikuwahi kuitilia alama. Sasa nikatulia kama nilivyofundishwa. Nikangoja. Na kweli ikanishika, si begani wala gotini. Ilinishika hapa, chini ya mbavu, pale pumzi inapoanzia, mpaka nikagundua kwamba mchi ukishuka natoa pumzi na ukipanda navuta. Nikachukua makaa nikapaka.

Nilitoka nje kifua wazi. Mama akasimamisha mchi.

"Umechafuka tumboni."

"Naona, Mama. Kinu hiki kina ufa."

"Kina ufa tangu baba yako yuko hai. Mafundi wa nyumba hii wanatengenezea watu wa kambini."

"Nipe nikishughulikie."

"Ukirudishe upesi. Nitatwangia nini?"

Sikumdanganya. Nilikishughulikia. Kilikuwa kinu cha mti wa mkongo, cha siku nyingi, kimebanwa kiuno katikati na tumbo lake limesuguliwa na mchi mpaka likawa laini kuliko patasi yoyote ingeweza kufanya. Nikakitoboa kitako chote sauti ipate pa kutokea. Ufa nikauziba kwa nta ya nyuki. Nikatafuta ngozi ya mbuzi jike aliyekwisha zaa, maana ngozi yake inanyumbulika, sikuipara sana, nikaiwamba kwa vigingi bila kuikaba. Shikeni jambo hili nyie mnaotengeneza ngoma zenu kwa mabomba ya plastiki na nati. Sina ugomvi na nati, nati haioti kuvu. Lakini mdomo mpana na ngozi nene iliyolegea kidogo ndivyo vinavyopenya porini. Sauti ya kudonoa inaishia kwenye majani.

Fundi Mchopa alinikuta nayo chini ya mkorosho.

"Umeamua kutwanga?" akauliza.

Nikamsogezea. Akaigonga kwa kiganja mara moja. Akavua koti, mara ya kwanza naona mikono yake, akaikumbatia ile ngoma tumboni na kuigonga tena. Kisha akachukua tezo akapunguza kidogo mguu wake wa chini, akanirudishia. Hakusema nzuri. Angeisema ningemnyima chakula.

Jioni ile ngoma ilipelekwa likumbini na wengine. Mimi nilikaa uani kwa Mama. Mama Zuhura alikuwepo, wanapepeta ufuta kwenye ungo, na Mama analalamika kwamba amechoka kuazima kinu cha watu. Sufuria ilikuwa imefunikwa kama kawaida. Mimi nilijifanya nafunga kamba za kitanda.

Nimeulizwa mara nyingi ni ngoma ya nani niliyoipenda kuliko zote. Niliipenda rumba, na mpaka leo ikipigwa redioni bega langu linaondoka bila ruhusa. Sikuacha kwenda ukumbini, wala suruali yangu pana sikuichoma. Hakuna muziki niliokatazwa kuupenda. Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuagiza ngoma hakuagizi bega lako. Nimewatengenezea Wamakonde magoti yao, na watu wa beni nyayo zao, na watu wa maulidi kisogo chao, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia tena. Nyie mnaopiga muziki kwenye kompyuta mnaniuliza kama ni mzuri. Niulizeni unamshika nani, na wapi, na huyo mtu amekaa umbali gani kutoka kwenu. Hapo tutazungumza mpaka chai ipoe.

Basi. Ngoma ikalia.

Mara ya kwanza ilikuja chini chini, ikapita kwenye mikorosho, ikafika uani kama mtu anayeujua mlango. Mama Zuhura aliacha ungo akapiga kigelegele kabla hata hajasimama. Nyumba ya pili ikajibu, na ya tatu, kikaenda kikizunguka kijiji chote mpaka upande wa kisimani. Mama alikuwa kimya. Mikono yake ilibaki ndani ya ufuta. Nikasema moyoni, kijiji kizima kimejibu isipokuwa mmoja, na mimi nilikuwa namtaka huyo mmoja.

Ngoma ikaendelea, ikashuka, ikapanda. Mama akatoa mkono ungoni akauweka chini ya mbavu.

"Issa," akaniita.

"Naam, Mama."

"Kinu changu kiko wapi?"

Nikanyoosha kidole kule porini ilikotoka sauti. Akasikiliza tena, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Kwa hiyo kiko na Selemani."

"Kiko naye, Mama."

Akapiga kigelegele, kirefu, mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akavuta mkeka karibu na sufuria.

"Haya," akasema, "nipakulie. Na mboga usinibanie."